Kadi Moja, Mama Wawili

Jumatatu, 2 Septemba 2002
Kadi za bima zimefika ofisini! Mwaka mzima wanatukata mshahara, leo ndiyo tunaona sura zetu. Mimi nimetoka kama mwizi wa kuku. Mama katoka vizuri, kakaza midomo, mtandio umemkaa.

Fomu ilikuwa na nafasi nne tu za wategemezi. Wanangu watatu, wa nne Mama. Mama mkubwa Batuli hakuingia. Dada yake Mama, hakujaliwa mtoto aliyebaki hai, na ndiye aliyeninyonyesha Mama alipolazwa miezi minne. Sote tunaishi nyumba moja. Nilipoziweka kadi mezani niliona aibu. Mama mkubwa kaichukua ya Mama, kaitazama sana, kasema picha nzuri. Basi.

Jumapili, 8 Septemba
Kidonda cha mguu wa Mama mkubwa hakifungi. Mwezi wa pili huu. Na maji anayokunywa — mtungi hautoshi! Nimemwambia aende hospitali. Kasema kumwona daktari hela, kipimo hela, dawa hela. Hili ni vumbi tu la kiangazi, mvua ikinyesha kitapona chenyewe. Vumbi! Hata wanangu wanadanganya vizuri kuliko hivyo.

Alhamisi, 12 Septemba
Mama na Mama mkubwa wamekwenda hospitali na kadi ya Mama. Na mimi nilijua. Tena siyo kujua tu — jana nilimkalisha Mama mkubwa nikamfundisha: jina Mwanaharusi Rehani, kuzaliwa 1938. Nikamfunga mtandio kama wa kwenye picha. Wamefanana mno, hata mimi nikiwaona kwa nyuma nakosea. Nilipojidai kusita, Mama kanikatiza: titi moja tumenyonya, khanga doti moja tunagawana, leo tushindwe kugawana karatasi?

Nikawakabidhi kadi.

Wamerudi na vidonge na kadi ya kliniki. Sukari. Mama kacheka mpaka kashika mbavu: kumbe naumwa sukari na sina habari! Tukacheka wote. Halafu nikaitazama ile kadi ya kliniki. MWANAHARUSI REHANI — KISUKARI, kwa wino mwekundu. Sikuipenda.

Jumanne, 1 Oktoba
Kidonda kinakauka! Mama mkubwa kapika leo, kasimama jikoni saa nzima, anaimba.

Lakini ofisini, Bartolomayo wa uhasibu anasema wakaguzi wa bima wako mjini. Mwalimu mmoja alimwazima shemeji yake kadi. Kasimamishwa kazi, na kadi za nyumba yake zote zimefutwa. Nilikuwa napanga mafaili masjala, nikachomeka barua ya likizo kwenye faili la nidhamu.

Nimemwambia mume wangu. Yahaya kasema yarudishe mambo mahali pake kabla hayajaharibika. Rahisi kusema! Nikiizuia kadi, dawa zinakatika na kidonda kinarudi.

Jumatano, 9 Oktoba
Mama kaanguka. Uani, kwenye kizingiti cha choo. Nyonga imevunjika. Tumemlaza kwenye pikapu ya jirani, kila shimo anapiga kelele, na mimi siwezi kulifuta shimo hata moja.

Mapokezi, karani kaiangalia kadi, kavuta faili mara moja. Masjala yao safi kuliko yangu. Kasema: huyu ni wetu, mgonjwa wa sukari, siyo? Mama analia. Nyuma yangu foleni. Yahaya ananitazama.

Nikasema ndiyo.

Mimi ni mtu wa mafaili, miaka kumi na moja! Najua kilichoandikwa kwenye faili ndicho kinachotendwa. Na bado nimesema ndiyo.

Alhamisi, 10 Oktoba
Wamempa vidonge vya sukari, asubuhi na jioni. Nilimnong'oneza avifiche shavuni. Sista Paulina wa wodini si wa kuchezewa: mama, fungua kinywa nione. Kameza. Na chakula hali, maumivu yamemzidi. Vijiko viwili vya uji, basi.

Nimemwambia Mama naenda kusema ukweli. Kanishika mkono, kanikazia macho: ukisema wataifuta kadi, dada yangu atatibiwa na nini? Vidonge tu hivi, Salha. Upasuaji ni Jumanne. Vumilia.

Nyumbani Mama mkubwa kabakiwa na dawa ya siku tatu. Hakuniambia. Nimekiona mwenyewe kile kikopo.

Ijumaa, 11 Oktoba
Naandika hapa hospitali.

Nimefika asubuhi na Mama mkubwa, tumemkuta Mama kalowa jasho chapachapa. Mikono inatetemeka. Kaniita mama yake, bibi yangu, aliyekufa zamani. Kaniuliza mbuzi wamerudi? Hatuna mbuzi! Mama mkubwa kamnywesha chai ya chupa, vikombe viwili, sukari tele. Haikupita nusu saa kaniita Salha.

Hapo Sista Paulina katuona. Mnataka kumuua? Mgonjwa wa sukari mnampa chai ya sukari? Kaichukua chupa. Mama mkubwa kanitazama, na mimi nikamtazama. Wote wawili tumeelewa: vidonge ndivyo vinavyommaliza sukari mwilini, chai ndiyo iliyomrudisha.

Mama mkubwa katoka kukaa nje. Daktari kapita, kijana tu. Sista kamwambia anatetemeka kwa maumivu. Yeye haridhiki, lakini vipimo vya sukari vimeisha, vinakuja kesho. Kageuza kurasa za faili, kageuza tena. Kaniuliza taratibu: dada, mama yako sukari ilianza lini?

Nikasema ngoja nikamuulize mama mkubwa, yeye ndiye anayekumbuka.

Mwongo mimi! Nimetoka, nimekaa benchi la nje ya wodi. Daktari anasubiri ndani. Nikisema, kazi imekwenda, kadi zote zimekwenda, na mguu wa Mama mkubwa umekwenda. Nisiposema — siandiki hilo. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Mama mkubwa yuko hapa pembeni yangu, kauficha mguu ndani ya khanga. Kaniambia: "Kaseme, mwanangu. Kidonda changu nimeshakizoea." Nimemwambia nakuja, namalizia mstari.

Toroli la dawa limeingia wodini. Naliona mlangoni. Linakwenda kitanda kwa kitanda, Mama yuko cha saba. Cha pili. Cha tatu.

Mama mkubwa kainuka. Anakwenda mwenyewe kwa daktari, anachechemea, anashika ukuta, na mimi bado nimekaa naandika.