Maoni Hayana Makosa

Jumamosi, Kosele.

Tangu Kiingereza kizaliwe hakijapata mwalimu kama mimi, na shule niliiachia Kidato cha Pili. Walimu wa Homa Bay nzima wangekuja kujifunza hapa kisiagini kwangu, ila wanaogopa unga kwenye tai.

Leo watoto watatu wa Gredi ya Nane walileta mahindi, wakalia kwamba Jumatatu watatoa maoni mbele ya darasa. Nikawaambia ni rahisi. Unaanza na "in my opinion", unasema unachofikiri, unamalizia na "because". Maoni hayana makosa. Lakini piga kelele, ushinde mashine.

Ochieng akapaza sauti kwamba kati ya samaki, omena ni tamu kuliko mbuta.

"Because?"

"Because mbuta sijawahi kuonja!"

Foleni ikaangua kicheko.

Kisha Atieno, yule mpole, akasema kwa Kiingereza safi kabisa kwamba mimi nirudi shule, because mwalimu mkuu anasema nafasi yangu bado ipo.

Mama alikuwa kwenye foleni na debe lake. Kiingereza hajui. Na mimi ndiye niliyemwambia shule ilinikataa.

"Wuoda, mwanangu, huyu mtoto amesema nini?"

"Anasema unga wetu ni laini, Mama."

Mama akamshika Atieno bega. "Asante, mwanangu. Umesema vizuri."

Atieno akanisukumia mahindi yake nisage.

Sentensi yenyewe ilikuwa rahisi, ningeitafsiri hata nikiwa na homa. Nimemdanganya Mama tena.