Faili Jekundu Jinoni Mwangu

Dada yangu Ndeshi,

Simu zangu hupokei tena, kwa hiyo nakuandikia hapa mtandaoni ambapo hata wengine watasoma. Najua utakasirika. Kasirika tu, mimi nimekutangulia.

Unakumbuka nilipomaliza shule nikaja kukaa kwako Elerai, sijui mbele wala nyuma? Kliniki yako ya meno ilikuwa vyumba viwili na kiti kimoja kilichokuwa kikigoma kushuka. Ulichukua meno yaliyong'olewa ukayasimamisha kwenye nta ya mshumaa, ukanikalisha mezani ili nijue unachofanya ninapokupa vifaa. Ukanionyesha mafaili, zile sindano nyembamba zenye vishikio vya plastiki za kusafishia ndani ya mzizi wa jino. Ukanifundisha kwa rangi, kutoka jembamba kwenda nene: jeupe, la njano, jekundu, la bluu, la kijani, jeusi. "Usilisukume," ulikuwa unasema. "Likikataa, litoe, suuza, anza upya. Una haraka ya kwenda wapi?" Jioni tulikula ndizi nyama, mikono bado inanuka ile dawa ya kuoshea mizizi, nami nilijiona nina bahati kuliko wenzangu wote niliosoma nao.

Kazi yangu ikawa kuhesabu. Kila asubuhi nilichomeka mafaili kwenye sponji, moja moja, kabla hayajaingia kwenye mashine ya kuchemshia. Mama Eliya, yule mama wa Kikatiti uliyeanza naye kazi kabla yangu, ndiye aliyesimama nawe penye kiti, anavuta mate ya mgonjwa na kukupa vifaa ninapokuwa na shughuli nyingine. Na sheria yako kubwa tuliijua wote hadi tukaichoka: faili likikatikia ndani ya jino, mgonjwa aambiwe kabla hajashuka kitini. "Kukatika kunatokea," ulisema. "Anayeficha ndiye sifanyi naye kazi."

Halafu likaja jino langu mimi, gego la chini kushoto. Ulinitibu mwenyewe, Mama Eliya akikupa vifaa. Nililala kwenye kiti nilichozoea kukifuta, nimefunikwa mdomo na ule mpira mwembamba unaoacha jino moja tu nje, nakutazama paji la uso. Mara moja ulisimama kidogo, nikadhani umechoka. Ukakausha mizizi kwa vile vijiti vya karatasi, ukajaza ule utomvu wa rangi ya waridi, ukaziba. "Jino zima hilo, Aika, litakuzika," ukaniambia, nikacheka kwa upande mmoja maana wa pili ulikuwa na ganzi.

Kesho yake nikahesabu. Jekundu halipo. Nikakuuliza, ulikuwa unavaa glovu, hukugeuka. "Muulize Mama Eliya, si ndiye aliyesafisha jana?" Nikaenda kumuuliza, tena bila hata kumpa shikamoo, mama wa umri wa kunizaa. Nilimwita mzembe mbele ya wagonjwa. Nikamwambia akatafute kwenye ndoo ya taka, naye akainama akatafuta. Wiki ileile ulimwambia asirudi. Mimi ukaniambia nibaki, kwa sababu nina macho na ninaaminika. Nilitembea kifua mbele siku nzima, Mungu anisamehe.

Tangu uhamie Dodoma nafanya kazi kwenye kliniki nyingine hapa mjini, kazi ileile. Mwezi uliopita shavu likavimba, daktari wetu akanipiga picha, akanigeuzia kioo cha kompyuta. Picha za mizizi nimeziona nyingi, dada. Ule utomvu huonekana mweupe uliotulia. Pale karibu na ncha ya mzizi palikuwa na kipande cheupe zaidi, chembamba, chenye mizunguko kama skrubu. Daktari akaanza kunieleza polepole, kama tunavyowaeleza wagonjwa. Nikamwambia asijisumbue.

Nilikutumia ile picha, ukanipigia hapohapo. "Hata maprofesa mafaili yanawakatikia, mdogo wangu. Na jino si limekaa miaka yote hii?" Ni kweli. Kwa jino ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Nikakuuliza, "Na Mama Eliya je?" Ukasema mtandao unasumbua.

Jumamosi nikaenda Kikatiti. Nilimkuta nje kwake anachagua maharage kwenye ungo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kama mtu tuliyeagana naye jana. Nilimwonyesha picha kwenye simu, nikaanza kulia kabla sijaeleza chochote. Hakuuliza ni kitu gani. Aliuliza, "Linakuuma sana, mwanangu?"

Alikuwa anajua. Alikuona ukilitoa faili likiwa limekatika ncha. Ulimwambia anyamaze, utanieleza mwenyewe kwa kuwa mimi ni damu yako. "Nikamwachia," akasema. "Nilijua atakwambia jioni."

"Sasa mbona hukuniambia mimi? Siku ile nakutukana?"

Alipepeta ungo kidogo, akatoa jiwe, akalitupa. "Ningekwambia, ungeniamini?"

Nisingemwamini, Ndeshi. Ningesema anakusingizia, na ningemtoa nje kwa mkono wangu mwenyewe. Ulijua hivyo ndivyo nilivyokupenda, na ukanituma mimi. Kipande cha chuma nimekaa nacho bila kujua, lakini hili la kunigeuza niwe mkono wako wa kumpigia mtu asiye na kosa, hili linanichoma kila nikimkumbuka ameinama pale kwenye ndoo.

Jino linang'olewa Alhamisi, halina tena pa kushikia. Usije kwa ajili hiyo, usinitumie pole. Kama moyo wako utakuleta huku, panda gari la Kikatiti. Shuka pale. Ukae kwenye kigoda chake umwambie kwa mdomo wako ulichofanya, yeye akisikia, na majirani zake wakisikia.

Kwangu usipite kwanza.

Mdogo wako,
Aika