Kutu Ile Si ya Mzee Kombo

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua, unaitumia au unawagawia majirani kama kawaida yako? Mimi hapa Maskati mwili ni mzima, ila roho haitulii. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Ningepiga simu, lakini kwenye simu utanikatiza, na neno hili nataka ulipate lote.

Dada Mwanaidi kanieleza kwamba mabati ya jiko la uani yameota kutu, na kwamba ulimwita Mzee Kombo mwizi mbele ya watu, ukasema kabadilisha mabati mazuri akatuwekea mabovu. Ramadhani nzima sahani yake ya futari haikutoka kwako. Mtu aliyetuezekea nyumba tangu baba yu hai!

Mama, kutu ile ni yangu mimi.

Unakumbuka nilivyokuja likizo na grinda yangu, ile mashine ya umeme ya kukatia chuma, nikitamba nayo uani. Mzee Kombo akaja na mkasi wake wa bati, akaniambia, "Mwanangu, bati la rangi halitaki moto. Hili jembamba, mkasi watosha." Nikamjibu, "Mzee, mikasi waachie mafundi cherehani." Watu wakacheka, nawe ukacheka. Mabati yote nikayakata mimi, yeye akapigilia misumari tu.

Juzi hapa karakana nikakata bati la rangi kwa grinda vilevile. Msimamizi akachomoa waya ukutani, akanionyesha: moto umebabua rangi ukingoni, na cheche zimenasa juu ya bati. "Kila cheche hapa ni kutu ya kesho," akasema. Nikaliona jiko lako.

Na yule mzee alijua. Alikuwa na neno moja la kujiokoa, akalimeza nisiaibike.

Hamisi wa Pongwe anarudi kwa njia ya Mombasa. Akishavuka mpaka pale Horohoro atakuletea mkasi mpya wa bati, wa mpini mrefu. Si wako. Mpelekee Mzee Kombo wewe mwenyewe, hata kama goti linauma, pamoja na sahani ya pilau. Mwambie nimekiri, na umwambie mbele ya walewale waliosikia neno la wizi. Grinda iko chini ya kitanda changu. Mpe binamu anayechomelea mageti, huko ndiko iliko kazi yake.

Nisalimie dada, na shangazi wa Chumbageni.

Mzee akiikataa sahani, iache mlangoni, na kesho yake peleka nyingine.

Ni mimi mwanao, niliyeyakata,
Athumani