Mume Wangu Aliziombea Nguzo za Stima Zitakazobomoa Nyumba Yetu

Bi Mwanaharusi, naomba unisaidie kabla sijasema neno nisiloweza kulirudisha. Hasira niliyo nayo kwa mume wangu Kilonzo hainiruhusu hata kumpakulia chakula, maana tuliitwa kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu laini kubwa ya stima inayotaka kupita juu ya nyumba yetu, na nyumba ikiwa chini ya laini hiyo lazima ibomolewe, nyumba tuliyoijenga pole pole hadi juzi ndipo tukapaka rangi, na tulikuwa tumekubaliana kwamba atasimama akatae, lakini kabla hajakataa, kwa vile ni mzee wa kanisa, wenye mradi wakamwomba afunge kikao kwa maombi, naye akishika maiki hajui kunyamaza, akamshukuru Mungu kwa "mradi huu Baba uliotuletea" na kuombea nguzo zisimame imara, watu wote wakaitika amina, nami pia, na sasa wanaomba kibali kwa mamlaka ya mazingira wakisema wakazi waliafiki. Nikimwambia aende akakatae ananijibu, "Mama Maxine, maombi hayarudishwi. Unataka nimwambie Mungu nilikuwa nafanya mchezo?" Nimfanyeje mtu huyu?

Mwelu, Mwihoko

Mwelu, pole, hata mimi nimekasirika. Hawa watu wanajua kutuchezea: wanakuja na tenti na soda, wanatafuta mzee mwenye sauti nzuri, kisha heshima yetu wanaigeuza kibali. Maombi ya kufunga kikao si idhini ya mtu yeyote.

Lakini nawe nikuulize, mdomo wako ulikuwa umeuacha wapi? Ulikaa kikao kizima ukingoja Kilonzo akusemee, na alipokusemea vibaya ukaitikia. Mpakulie mumeo chakula, hilo kosa ni lenu wawili.

Sasa sikiliza. Mamlaka ya mazingira hupokea pingamizi kwa maandishi kabla ya kuamua. Andika yako kwa jina lako, taja namba ya ploti, weka picha ya nyumba, uipeleke mwenyewe na wakugongee muhuri kwenye nakala yako. Majirani nao waandike, kila mtu yake. Usitie sahihi karatasi yoyote ya wenye mradi, hata ikiletwa na pasta. Kilonzo naye aandike kwamba aliomba tu, hakukubali. Akikataa, mwache ajadiliane na Mungu wake, wewe nenda kesho asubuhi. Waya zikishavutwa, hakuna atakayekuja kukuuliza kama ulikuwa umekubali.