Kabla ya Kupokea, Nilikwenda Paje

Mdogo wangu Agnes,

Jana nimepokea komunyo. Ungekuwepo, ungekuwa wa kwanza kuniuliza ilikuwaje, ndiyo maana nakuandikia wewe kabla sijamweleza mtu mwingine.

Unakumbuka nilivyokutayarisha kwa komunyo yako ya kwanza? Mama alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa dada na mama kwa pamoja. Ulikaa barazani kwetu mjini, Mkunazini, kichwa kati ya magoti yangu, nakusuka huku nakuuliza maswali ya katekisimu. Ukanikatiza.

"Dada, na kama kuna mtu nimemkosea, naruhusiwa kupokea?"

"Huruhusiwi. Kapatane naye kwanza."

Ukageuza kichwa. "Basi nisamehe. Ile halua yako niliila mimi."

Nilicheka mpaka msuko ukaniponyoka.

Hayo niliyokufundisha wewe, mimi mwenyewe niliyasahau. Ulipoolewa na Haji kule Paje, ukasilimu, ukaitwa Amina, nilikataa kuja harusini. Jina hilo sikulitia kinywani. Waliouliza niliwaambia umesafiri. Sikujiuliza hata mara moja kama ulikuwa na furaha.

Mkesha wa Krismasi ukaja mjini, tumbo limeshakuwa kubwa, umebeba mkate wa kumimina umeufunika kwa kawa.

"Dada, nimekuja kukutazama tu," ukasema. "Ni mimi."

"Mimi simjui huyo Amina. Rudi na mkate wako kwa wakwe zako."

Nikafunga mlango. Nilikusikia umekaa barazani, unapumua kwa shida, kisha ukaondoka taratibu. Asubuhi yake nilivaa kitenge kipya nikaenda kupokea, wala moyo haukunishtuka.

Miezi miwili baadaye Haji alipiga simu. "Dada, Amina hatunaye. Mtoto mzima." Nilipofika Paje ulikuwa umeshazikwa. Nikasimama nje kwa wakwe zako, nikashindwa kuingia, nikarudi mjini.

Jumapili iliyofuata nilipanga foleni kama kawaida. Padri akainua hostia. "Mwili wa Kristo." Nilitakiwa kujibu neno moja tu, nalo lilikuwa jina lako jipya. Mdomo ukakataa kufunguka. Nikageuka, nikarudi kwenye benchi, na hapo nilikaa miaka mitatu, wengine wakinipita magotini kwenda mezani kwa Bwana.

Kwaresima hii niliungama. Padri akanisikiliza mpaka mwisho. "Malipizi yako si rozari," akasema. "Nenda kwa waliomzika. Kisha njoo upokee."

Nilimkuta mama mkwe wako, Bi Mwanaidi, amekaa chini anafunga mbegu za mwani kwenye kamba.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba." Akanitazama. "Nshakujua. Pua mmechukua moja."

Nikapiga magoti, nikamweleza la mlangoni, lote.

"Nalijua," akasema. "Mimi nshakusamehe zamani. Lakini la Amina siwezi kukusamehea mimi. Hakuniachia neno la kukupa, na kulitunga siwezi."

Nililia. Yeye akaendelea kufunga mwani wake, kisha akasema, "Jumapili asubuhi alikuwa hagusi chai mpaka saa nne. Nikamuuliza, unaumwa? Akanambia, 'Siumwi. Saa hizi dada yangu hajala, anajiweka tayari kwa komunyo. Namngoja tu.'"

Sikuthubutu kumuuliza kama hiyo ilikuwa kabla ya siku ile ya mlangoni au baada yake.

Mtoto wa kike akachungulia nyuma ya pazia. "Zuhura, mwamkie mama mkubwa wako," Bi akamwambia. Akaniamkia, uso ameuficha kwa viganja. Nilipotaka kuondoka, Bi akanishika mkono. "Mimi nilimpata ameshakua. Utoto wake unao wewe. Njoo umhadithie mwanawe."

Basi jana sikula kitu tangu nilipoamka. Nilipanga foleni, padri akasema maneno yake, nikajibu, "Amina," nikapokea. Nilidhani nitahisi wepesi. Sikuhisi. Nilirudi kwenye benchi nikalia mpaka mama aliyekaa jirani akanishika bega. Mungu amenisamehe, hilo naliamini. Ila wewe hujanambia, na hutanambia, na hilo nitakwenda nalo mpaka mwisho wangu.

Alhamisi nakwenda Paje. Nitamhadithia Zuhura ulivyokuwa ukiogopa popo, na ulivyoimba kanisani kwa sauti iliyoizidi kwaya nzima. Akishakua nitamwambia na siku niliyokufungia mlango. Nitamwambia mimi mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Akinichukia, nitalipokea na hilo.

Pumzika, mdogo wangu.

Ni mimi,
dada yako