Hina ya Kisogoni

Nuria mwanangu,

Maharage yako jikoni, chumvi bado. Hina iliyobaki nimeifunikia sahani, usije ukadhani mboga.

Asubuhi umenuna nilipokukatalia kunipaka. Mkono wako hauna ubaya, mama. Eda imekwisha, nywele za mbele nimejipaka mwenyewe, ila kisogoni alikuwa akinipaka marehemu baba yako. Na mama yako mdogo Tunu, mke mwenzangu anayekaa Kibuta, naye alikuwa akipakwa na baba yako huyo huyo. Sasa wote hatuna mtu. Miaka yote hatusalimiani, nami nimechoka kununa. Nampelekea hina, anipake nimpake.

~~Narudi jioni.~~ Akinifungulia mlango, nalala huko. Asiponifungulia, nibakizie maharage, na usiniulize kitu.

Mama yako, guu na njia