Rumba Kabla ya Jua Kutua

Keumbu, Jumamosi usiku

Nimekemewa leo kama mtoto, na bado natabasamu.

Tangu apatwe na kiharusi, miezi mitatu sasa, Baba hajatamka neno. Alasiri nilichoka kumwona akiukodolea macho ukuta, nikawasha redio yake. Ilikuwa inapiga rumba ya Kongo, zile nyimbo za zamani alizochezea ujanani. Nilisahau kabisa kwamba ni Sabato, na kwamba nyumbani kwetu redio hufunikwa kitambaa tangu Ijumaa jioni.

Gitaa lilipochangamka, kidole chake kikaanza kugonga mkono wa kiti. Halafu akakunja uso.

“Zima. Jua halijatua.”

Mama aliangusha kikombe. Mimi nilizima huku nikilia.

Tukaketi watatu, tukilitazama jua likishuka nyuma ya migomba. Sijawahi kuona jua likijivuta hivyo. Niliogopa, nakiri. Daktari hakutuahidi kitu, na kama maneno yale matatu ndiyo yalikuwa ya mwisho...

Giza likaingia. Baba akanigeukia, amekasirika kabisa.

“Sasa unangoja nini? Washa!”

Asante, Mungu wangu, kwa hasira hiyo.